C-SPAN au PBS: historia ya marais wa Marekani uitazame wapi?

Kwa gharama, C-SPAN, televisheni ya Marekani inayorusha vikao vya Bunge, inatangulia. Maktaba yake ya video iko wazi mtandaoni bila malipo, na kumbukumbu zake zinaanzia 1987. Filamu za PBS, televisheni ya umma ya Marekani, za mfululizo wa American Experience, ulioanza 1988, nyingine hufungwa kwa watazamaji walio nje ya Marekani.

Kwa kina, C-SPAN hukupa chanzo chenyewe. Mwaka 1994 ilirusha maigizo ya midahalo yote 7 ya 1858 kati ya Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais, na Stephen Douglas, mpinzani wake katika kuwania useneta wa Illinois: msemaji wa kwanza dakika 60, mpinzani 90, kisha wa kwanza anajibu kwa 30. Hapo unasikia hoja ya utumwa ikijengwa hatua kwa hatua, na kwangu hakuna somo la siasa linalolizidi hilo. Ila inataka subira kwelikweli.

PBS inashinda kwa usimulizi. Filamu yake ya 1991 kuhusu Rais Lyndon Johnson inaweka Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na vita vya Vietnam ndani ya maisha ya mtu mmoja. Lakini mhariri ameshakuchagulia cha kuona.

Unaandika tasnifu? Nenda C-SPAN. Una jioni moja tu na Johnson humjui? Anza na PBS.