Mfuko wa Ukwasi wa UTT kwa anayeanza kutafuta mtaji wa kiwanja: naupa nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa ajili ya mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuingia kwenye viwanja na vyumba vya kupangisha hapa Dar au Pwani na mtaji hana, maana maswali ni yaleyale kila siku, nianzie wapi, nikope benki, nichukue kile cha kulipa kidogokidogo, au niweke kibubu. Mi jibu langu ni moja: kusanya kwanza Ukwasi, afu ndo uende site.

Kwa wasioujua, Ukwasi ndo ule wengine wanauita Liquid, ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, yani hela za watu wengi zinawekezwa kwa pamoja na kila mtu anamiliki vipande vyake, upo chini ya UTT AMIS ambayo ni taasisi ya serikali chini ya Wizara ya Fedha. Mfuko wao wa kwanza, Umoja, ulianza 2005 na sa hivi kipande chake kimeshavuka sh 1,000. Ukwasi wenyewe ukaja 2013. Unafungua na laki 1, unaongeza kuanzia elfu 10 kwa simu au benki, ada ya kuingia hakuna, ya kutoka hakuna, na ukiomba hela yako inatakiwa iwe kwenye akaunti ndani ya siku 3 za kazi. Hiyo ya siku 3 ndo iliyonifanya niupende kwa mambo ya ardhi, yani kiwanja kizuri kwa bei nzuri hakikusubiri, muuzaji ana mgonjwa au ada ya shule anataka hela wiki hii hii, na mwenye hela mkononi ndo anayeongea bei. Ukiwa umeifungia benki kwenye fiksidi ya mwaka mzima utabaki unaangalia tu mwenzako anachukua. Hata hatifungani zinazouzwa na Benki Kuu (BoT), yani unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba, ni nzuri sana kwa kula riba taratibu lakini ukitaka kutoka mapema lazima apatikane mnunuzi, na dalali wa kiwanja hatakuelewa.

Tupige hesabu. Chukua laki 3 kila mwezi kwa miaka miwili, wewe umeweka milioni 7.2. Kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka, ambayo ndo kama mfuko ulivyokuwa ukicheza miaka ya karibuni (haijaandikwa popote kwamba lazima iwe hivyo), unafika kama milioni 8.1. Hiyo laki 9 ya juu kwenye kibubu isingekuwepo, na ndo inayobeba wakili, nauli za kwenda ardhi na tofali za kuanzia.

Najua wengi mtasema mbona viwanja vya mkopo bila riba vipo tele, Chanika, Mapinga, Kibaha, Kigamboni huko. Vipo, na wapo wauzaji waaminifu. Ila muulize muuzaji bei ya kesh ya kiwanja hichohicho, tofauti utakayoiona hapo ndo riba yenyewe, haijaitwa riba tu. Afu soma kipengele cha ukishindwa kumaliza, mikataba mingi inawaruhusu wakate sehemu ya hela yako kabla ya kukurudishia, na hati hupati mpaka umalize. Kwenye Ukwasi ukifukuzwa kazi mwezi wa nane unaacha tu kuweka, hakuna anayekudai na ulichoweka kipo.

Sasa kwenye kutumia, hapa ndo nasisitiza kwa nguvu zote, usiimalizie hela yote kwenye ardhi jamani. Naona watu wananunua kiwanja cha milioni 8 kwa milioni 8 na kinakaa nyasi miaka mitano. Kama una 8 tafuta cha 4 au 5 kilichopimwa, kachukue uthibitisho ofisi ya ardhi ujue jina lililopo kule ndo la huyo anayekuuzia na hakina zuio wala mkopo, ongea na majirani wa pande zote nne, mjumbe na serikali ya mtaa wajue, muandikishane kwa wakili. Inayobaki irudi Ukwasi iendelee kuzaa huku unajipanga na msingi. Anza na vyumba viwili masta vya uani, weka choo, maji na umeme, usiwaze ghorofa. Na kwa mazoea yetu mpangaji analipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kwa hiyo vyumba viwili vya laki laki vinakupa milioni 1.2 siku ya kwanza, hiyo usiile, irudishe Ukwasi ndo mtaji wa chumba cha tatu. (Na ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, mrudishie mpangaji wako.)

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mbili. Kwanza hii sio njia ya haraka, kuna maeneo barabara ya lami ikipita tu bei ya ardhi inaruka kuliko asilimia 12 na wewe bado unakusanya, kwa hiyo kama umeshaona eneo la namna hiyo na nusu ya hela unayo, mkopo wa saccos yenu kazini wa kumalizia una maana zaidi kuliko kusubiri. Pili urahisi wa kutoa ndo mtihani wake, harusi ya binamu ikija unajua hela ipo siku 3 tu. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni akaunti ya pamoja, mfuko unaruhusu majina mawili na hata kikundi, mnajaza kabisa kwamba bila saini za wote hakitoki kitu, na sehemu ya mrithi msiiache wazi.