Kuwasha-na-kuzima ao PID: gani njo muzuri?

Kila tukikutana hapa Lubumbashi na batu ba kiwanda, mabishano ni ileile: pompi na valvu, tuziongoze na kuwasha-na-kuzima (inafungua yote ao inafunga yote), ao na PID (chombo chenye kinapima umbali na namba yenye unataka, kinafungua valvu kidogo-kidogo)?

Kwa bei, kuwasha-na-kuzima inashinda wazi: floti moja, rele moja (swichi ya umeme), tangi ya maji inajala, pompi inasimama, basi. Ikiharibika fundi anaona palepale. Lakini valvu inapiga ta-ta-ta siku muzima, inachakaa mbio.

Sasa njoo ku pH, kipimo cha ukali wa asidi. Unatia chokaa mu asidi yenye shaba imeyeyuka ndani ili chuma itoke, na kila namba moja ya pH ni mara 10, njo maana chokaa kidogo tu inakurusha toka 3 mpaka 5 na zaidi, shaba nayo inaanza kuganda inaenda na takataka. Hiyo inaumiza kabisa! Hapo PID iko mbali mbele, inasukuma polepole. Ila inaomba mutu wa kuirekebisha. Kanuni za Ziegler na Nichols za 1942, za kuchagua namba za PID, zinaacha mutikisiko mingi (pH inapanda inashuka), mimi napunguza geini, ile nguvu ya kusukuma, nusu.

Halafu elektrodi, kile kijiti cha kupima pH: jasi, ule unga mweupe wenye unatoka ku chokaa na asidi, inaigandia, inasoma uongo, PID inafuata uongo. Osha.

Uko na tangi ya maji na fundi moja wa zamu? Floti inatosha. Uko na chokaa, shaba na mutu wa kuosha elektrodi kila zamu? Weka PID.