TAHADHARI: Vijana wa "usafi wa nyumba mpya" wanaotembea na madumu ya asidi, Madale na Goba

Ndugu zangu mnaomalizia ujenzi, hasa upande wa Madale, Goba na Bunju hapa Dar es Salaam, naomba mnisome kabla hamjampa mtu advansi ya kuosha nyumba. Mimi yameshanikuta. Nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka sita imeliwa sakafu na mabomba kwa siku moja, na kijana wa watu nusura afie bafuni kwangu.

Fundi rangi alimaliza Alhamisi. Nilikuwa nawahi kuhamia kabla shule hazijafunguliwa. Aliyejenga anajua nyumba inavyotoka mikononi mwa mafundi: ukungu wa saruji juu ya marumaru, matone ya rangi kwenye vioo, vumbi la jipsamu hadi ndani ya makabati, na zile nailoni za fremu za aluminiamu zimegandia kwa jua. Nikaona kazi hii si ya dada wa nyumbani. Nikapata ukurasa wa Instagram wenye picha nzuri za kabla na baada. (Baadaye nilizikuta picha zile zile kwenye kurasa nyingine mbili zenye majina tofauti.) Tukakubaliana 380,000, nitangulize 200,000. Wakati wa kutuma pesa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, nami nilikuwa naongea na mwanaume. Akasema ni laini ya mke wake. Nikatuma. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na ninaliandika wazi ili mwingine asilipite.

Jumamosi wakaja watano: kiongozi wao, na vijana wanne ambao nilikuja kujua baadaye ni vibarua wa siku, waliookotwa asubuhi ile ile kijiweni. Walishusha madumu manne ya njano ya lita ishirini, hayana karatasi wala jina. Nikauliza hii ni nini. Kiongozi akajibu ni sabuni maalumu inatoka Dubai, inaondoa saruji bila kusugua. Akamimina kidogo sebuleni nione. Ikachemka, ikatoa povu jeupe. Akaniambia, "Mama, unaona uchafu unavyotoka?"

Naomba tusimame kwenye povu hilo, maana ndilo linalotuuza. Ile ilikuwa asidi ya haidrokloriki, ambayo mafundi wengi huiita asidi tu. Asidi ikikutana na chokaa iliyomo kwenye saruji, inaila na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Povu ni hewa hiyo. Na saruji haipo juu ya marumaru peke yake, grauti iliyojaza mistari katikati yake ni saruji vilevile. Asidi haijui ipi ni uchafu na ipi umeilipia. Terazo na mawe ya asili kama marble (si vigae hivi tunavyoviita marumaru) ndiyo hufa kabisa, kwa sababu marble yenyewe ni chokaa tupu. Baraza langu la mbele ni terazo, lilikuwa linateleza kama kioo. Leo ukipitisha mkono unakwaruza.

Saa nane mchana nikasikia kikohozi bafuni, kikohozi cha mtu anayekosa pumzi. Kijana mmoja, nadhani hajafika miaka ishirini, alikuwa amemwaga asidi kwenye sakafu ya bafu, akaona haijang'aa, akaongeza Jik juu yake. Hakuna aliyemwambia. Asidi na Jik vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliiachia dhidi ya askari kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na yule kijana alikuwa amechuchumaa anasugua. Dirisha la bafu lilikuwa bado limebandikwa nailoni. Tulimvuta nje macho yamemwiva na hawezi kumaliza neno moja. Kiongozi wake akasema apewe maziwa atapoa, kazi iendelee. Mimi nilimpakia kwenye bajaji hadi zahanati, wakampa oksijeni, wakatupa rufaa. Alilala hospitali siku mbili. Kiongozi hakutokea, na simu alipokea mara moja tu.

Likikukuta hilo, usihangaike na maziwa. Yanakwenda tumboni, na gesi imeingia kwenye mapafu. Mtoe mtu kwenye hewa safi, fungua kila mlango, usirudi kuchukua ndoo, mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Nilipotoka hospitali jioni nyumba ilikuwa inang'aa. Kwa kuchoka na kuchanganyikiwa nikawalipa 180,000 iliyobaki. Hilo kosa la pili.

Siku ya tatu, nyumba ikaanza kusema. Grauti ya jikoni ikawa inatoka kwa kidole kama mchanga. Mabomba ya bafu yaliyokuwa ya kromu yakapata madoa ya kijani na meusi. Sinki la chuma kisichoshika kutu likatoboka vitobo vidogo vidogo. Bawaba za milango ambazo hawakuzigusa kabisa zikaota kutu, na fundi wangu akaniambia huo ni mvuke wa asidi uliozagaa usiku kucha madirisha yamefungwa. Fremu za aluminiamu zina michirizi myeupe isiyotoka. Vioo viwili vina mikwaruzo mirefu, walikwangua rangi kwa wembe juu ya vumbi kavu. Na wiki iliyofuata maji ya bafuni yakagoma kushuka, kwa sababu saruji na jipsamu yote waliisukumia kwenye tundu la sakafu, ikaenda kuganda ndani ya bomba. Fundi bomba alivunja marumaru sita kuifikia.

Namba yangu imefungiwa. Ukurasa umebadilishwa jina. Nimechukua RB polisi, na namba yao nimeituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Jina la ukurasa siliandiki hapa kwa sababu jana lilikuwa moja na kesho litakuwa lingine. Shikeni tabia zao: madumu yasiyo na lebo, neno "sabuni maalumu", onyesho la povu, laini ya pesa yenye jina la mtu mwingine, vibarua wasio na glavu wala viatu vya maana, na haraka ya kulipwa siku hiyo hiyo kabla sakafu haijakauka. Hilo la mwisho lina sababu yake. Sakafu mbichi inaficha kila kitu.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, na mmoja wao, mama wa makamo, ndiye aliyekuja kunisaidia kuokoa kilichobaki. Kwanza alimwaga maji mengi, kisha akapitisha maji yenye baking soda sakafu nzima ili kuua asidi iliyobaki kwenye mistari, halafu maji tena. Alinieleza anavyofanya yeye. Anaanza juu, dari na taa, anashuka ukutani, sakafu mwisho. Mchanga anauondoa kwanza kwa mfagio laini na kitambaa chenye unyevu, maana mchanga chini ya dekio ndio unaochora marumaru. Matone ya rangi za maji analowesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anakwangua kwa kipande cha plastiki. Maji machafu anayazoa kwenye ndoo na kuyamwaga nje, hayaoni bomba. Kwa ukungu wa saruji uliokataa, ana dawa ya unga iliyotengenezwa kwa marumaru, asidi ya salfamiki, ambayo ni pole kuliko ile ya madumu. Hata hiyo haiweki kwenye marble wala terazo. Analowesha grauti kwanza ili inywe maji badala ya dawa, anajaribu pembeni nyuma ya mlango, anasuuza haraka. Na alinigombeza kwa jambo ambalo hakuna fundi aliyenitajia: grauti yangu ilikuwa na siku tisa. Saruji huhesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake, na huyu kamwagiwa asidi kabla hata ya arobaini yake, ndivyo alivyosema.

Unapotafuta watu, dai kuona lebo ya kila dawa, na upige picha. Kemikali zina sheria yake tangu 2003 na zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo anayekuambia ni siri ya biashara mwache aende nayo. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mjumbe kama mnaweza, mkitaja sakafu ya aina gani na nani analipa kikiharibika. Akisema ni kampuni, tafuta jina lake BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mimi sasa nisingetoa zaidi ya theluthi kwanza, na iliyobaki ningeishika siku nne tano. Aliyefanya kazi safi haogopi siku tano. Na hakikisha kila kibarua ameambiwa kwa mdomo kwamba Jik haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Usimwachie kiongozi wao kulisema. Liseme wewe mwenye nyumba.

Yule kijana alinipigia wiki iliyopita kunijulia hali. Amepona, ingawa akipanda ngazi anakohoa. Hakulipwa hata ile elfu kumi na tano ya siku. Ameniambia kundi bado linafanya kazi, na kwamba watu wameanza kuuliza kuhusu madumu ya njano, basi siku hizi asidi wanaihamishia kwenye chupa za sabuni ya vyombo zenye lebo nzuri kabisa. Kwa hiyo msiridhike na lebo ya chupa iliyokwisha kufunguliwa. Kabla haijaingia ndani, mwambieni kiongozi wao amimine kidogo kwenye kipande cha tofali la saruji nje ya geti, ninyi mkisimama upande upepo unakotoka. Sabuni haichemki.