Raba ya "Wanaanga" ya Shilingi 45,000: Nimeijaribu Dirishani Kwangu, Mtwara

Wadau, habari za saa hizi. Leo nina furaha na nina hasira, vyote kwa kitu kimoja, kwa hiyo mtanivumilia. Litazameni boksi hili. Wamechora mwanaanga kakamata kamera, Dunia ya buluu nyuma yake, halafu wanakwambia hii ndiyo siri ya picha za kutoka anga za juu. Shilingi 45,000! Na ndani nimekuta nini? Raba. Nyeusi, laini, mdomo mpana, utadhani ya kuzibulia sinki, kumbe ni ya kuvalisha lenzi ili upige picha kupitia kioo bila kujiona mwenyewe.

Ukubwa wake na lenzi inazoingia nimeviweka hapo pembeni, someni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu la kuwaonyesha.

Sasa ni saa mbili usiku, dirisha linatazama bandarini, taa ya chumbani inawaka. Napiga bila raba. Mnaona nini? Mnaniona mimi! Jezi yangu, tyubulaiti, mpaka ndoo ya maji kule nyuma. Meli iko wapi? Kioo kimegeuka cha kujitazamia. Haya, navalisha raba, nasukuma taratibu mpaka mdomo wote umelala kwenye kioo... Eeh! Meli ile pale, na taa zake zimenyooka juu ya maji. Narudia, maana najua kuna watu watasema nimezima taa. Taa hiyo hapo. Natoa: mimi na ndoo tumerudi. Naweka: tumepotea. Natoa. Naweka. Jana nimecheza hivi mpaka chakula kikapoa.

Sababu yake ndogo tu, ndani kuna mwanga mwingi kuliko nje, kioo kinaurudisha kwenye kamera, na raba inauziba. Na kule kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa shida ni hiyohiyo, ila yao imezidi. Kile chumba chao cha kutazamia Dunia, Cupola, kilichounganishwa kituoni mwaka 2010, kina madirisha saba, na la katikati lina upana wa sentimita 80 hivi. Kila dirisha vioo vinne: cha ndani cha kupokea mikwaruzo, viwili vya kuhimili presha, cha nje cha kupokea vipande vinavyoruka huko. Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alionyesha kioo kilichobanduka alama ya milimita 7. Sasa hebu fikiria, mimi kioo kimoja kimenionyesha ndoo, yeye ana vinne.

Ndiyo nikajiuliza, hawa kweli wanatumia raba? Nimekesha nasoma. Wadau, wanazima taa, halafu wanaziba mwanga kwa kitambaa cheusi. Kitambaa! Msiondoke, jaribio la kitambaa linakuja.

Kwanza jaribio la basi. Jumamosi nilikwenda Lindi, raba nikaibana dirishani. Picha zote zimetikisika, kwa sababu kamera ukiigandisha kwenye kioo, gari likitetemeka na kamera inatetemeka. Konda ananiuliza, "Kaka, unapima nini?" (Na yule mwenzetu wa chaneli nyingine anayesema nunueni kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mng'ao: kwenye dirisha la ndege, ambalo ni plastiki, kinakuletea rangi za upinde wa mvua. Mimi nimemaliza.)

Kule juu hakuna mashimo ya barabara, lakini kuna mwendo. Kituo kiko kama kilomita 400 juu yetu, kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Mtwara mpaka Lindi basi limenila karibu saa mbili. Wao, kwa mstari ulionyooka, sekunde nane! Umeona Mikindani, unatafuta kofia ya lenzi, umeshapita Lindi. Usiku ndiyo balaa, maana ukiacha shata, ule mlango wa kamera wa kupitisha mwanga, wazi nusu sekunde umeshasogea zaidi ya kilomita tatu, taa za mji zinakuwa mistari. Ndiyo maana mwanaanga Don Pettit, alipokuwa huko mwaka 2003, aliunda kwa vipuri kifaa cha kuzungusha kamera ifuate mji chini yake. Kamera lazima izunguke.

Sasa izungushe hii. Bodaboda ile inapita, naifuata... mnaona? Raba imeng'ang'ania kioo. Nikivuta, mdomo unafunuka upande huu, ndoo inachungulia. Kwa hiyo lile boksi linamsingizia mwanaanga wa watu.

Na hii hapa ni kaniki ya bibi yangu. Naibana juu ya dirisha kwa vibanio vya nguo, naingia chini yake na kamera. Joto, jamani. Lakini angalia... hakuna jezi, hakuna ndoo, na bodaboda nimemfuata mpaka kona. Bure kabisa.

Raba siitupi. Kama unapiga kitu kilichotulia na kioo hakitikisiki, ni tamu. Ukiipata kwa 15,000 chukua, ila 45,000 wamekuibia kama walivyoniibia mimi. Wiki ijayo nina maikrofoni mpya, zile kelele za feni mnazolalamikia zitakwisha. Bonyezeni kengele, tumebakiza watu wachache tufike 5,000.

Naam, bibi? Iko huku! Naileta!