Masomo ya kamba kwa mtu mzima anayerudi kwenye farasi: nyota nne

Kama ulipanda farasi ukiwa mdogo ukaacha, sasa umri umesogea na hamu imerudi, hii rivyuu ni yako. Naongelea masomo ya kamba, yale ambayo mwalimu anasimama katikati ya uwanja na kamba ndefu, farasi anamzunguka, na we huko juu kazi yako ni kukaa tu, hatamu hushiki. Vituo vingi wanayo ila hawayatangazi, mpaka uulize, na watu wazima wengi wakiambiwa waanzie hapo wanaona wamedharauliwa. Mi nasema lipia hii kwanza kabla hujanunua hata buti.

Shida ni kwamba kichwa kinakumbuka kila kitu ila mwili ushasahau zamani. Ukikaa tu kwenye tandiko yanarudi yote, kisigino chini, macho mbele, mabega yametulia, unajiona bingwa, sasa ngoja farasi aanze troti, ule mwendo wa mbio ndogo wa kudunda. Nyonga zimekakamaa kwa kukaa kwenye kiti miaka yote, mapaja ya ndani hayana nguvu, unadunda kama gunia, na mikono yenyewe bila kuambiwa inatafuta pa kujishikiza. Na pa kujishikiza ni hatamu, ambayo upande wa pili kuna lijamu, kile chuma cha mdomoni, limelala juu ya ulimi na ufizi wa farasi, kwahiyo kila ukiyumba we, anayeumia ni yeye, halafu watu wanasema farasi mkorofi anatupa kichwa. Asitupe kichwa kwa nini jamani?

Kwenye kamba hilo halipo. Mwalimu ndo anaendesha, we unahangaika na makalio yako tu. Mi alinitolea vikuku, vile vya kukanyagia miguu, ikaning'inia, akaniambia nifumbe macho farasi akiwa anatembea tu, niseme mguu gani wa nyuma unakanyaga. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha, alafu ghafla nikaanza kusikia nyonga yangu moja inashuka, inapanda, inashuka, kumbe ndo mguu wenyewe huo, hatua nne moja moja. Troti ni mapigo mawili, miguu inaenda kwa jozi za mshazari, wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili, ndo maana ukiwa unainuka na kukaa unaangalia bega la farasi la upande wa nje wa duara, likienda mbele unainuka. Utotoni niliambiwa inuka-kaa inuka-kaa basi, sababu hakuna aliyenipa.

Linganisha na darasa la kikundi la kituo kimoja ambacho sikitaji. Tulipangwa mstari, farasi wangu akawa anafuata mkia wa mwenzake tu, ningeweza hata kulala pale juu na saa ikaisha. Hapo umelipia kubebwa.

Mwalimu mzuri utamjua kabla hujapanda. Atakuuliza uzito bila aibu, na we mjibu ukweli, kwa sababu kipimo kinachotumika sana ni farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake pamoja na tandiko, yaani wa kilo 500 mwisho kilo 100. Atakaza mkanda wa tumboni mara ya pili, maana kuna farasi wanajikaza ukifungwa na baadae unalegea. Atakupandisha kwa kigoda, na hiyo sio kwa ajili ya wazee, ukining'inia kwenye kikuku kimoja kutoka chini unavuta tandiko na mgongo wa farasi upande. Na helmeti yako ya zamani ataikataa, hapo msibishane, ikishagonga chini hata mara moja povu la ndani linakuwa limebonyea halirudi, na ya baiskeli sio mbadala.

Umri wala usiwe kisingizio. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishindana Olimpiki ya Tokyo 1964, akarudi Beijing 2008, na London 2012 alikuwa na miaka 71. Sawa, yule hakuwasahau farasi kama sisi, lakini bado.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu somo ni fupi, kuzunguka duara kunachosha viungo vya farasi kwahiyo nusu saa mara nyingi inatosha, na lazima mbadilishe upande. Kizunguzungu pia kipo. Halafu waalimu wengine wanakuweka kwenye kamba bila mwisho, so muulize mapema atakurudishia hatamu lini, jibu la maana ni pale mikono itakapotulia kwenye troti bila vikuku, sio idadi ya malipo. Na kesho yake usipange kitu chochote chenye ngazi, utazishuka kinyumenyume.