Tahadhari: Muuzaji wa rangi na stika za mabehewa ya mfano anayetuma mizigo Mbeya na Iringa

Ndugu zangu mnaounda treni za mfano Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe, kuna muuzaji anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba anazo stika za maji zenye maandishi ya TAZARA pamoja na rangi za modeli kutoka nje ya nchi. Nawaomba msimtumie fedha kabla ya kusoma maelezo haya. Namba yake siiweki hapa kwa sababu amekwisha kuibadilisha na hatashindwa kuibadilisha tena. Mtamtambua kwa bidhaa zake.

Stika halisi ya maji ukiikata na kuiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, haichukui muda mrefu utando wake mwembamba huachia karatasi na kuteleza juu ya ubavu wa behewa, nawe ukausogeza taratibu kwa brashi mpaka ukae sawa. Niliyotumiwa haikuachia kabisa. Niliiloweka hadi karatasi yenyewe ikaanza kulainika, huku wino ukichuja na kuyageuza maji kuwa ya zambarau, dalili kwamba ilichapishwa kwa printa ya kawaida ya wino kwenye karatasi ya kubandika, bila hata kupakwa vanishi.

Ulaghai mkubwa zaidi uko kwenye herufi nyeupe, ambazo ndizo wengi wetu tunazitafuta. Printa za kawaida hazina wino mweupe, na anayetaka kuchapa maandishi meupe hulazimika kutumia mashine maalumu. Bwana huyu amelikwepa hilo kwa kuchapa rangi ya kahawia kuzunguka kila herufi juu ya karatasi nyeupe, hivi kwamba weupe unaouona ni wa karatasi tu. Kwenye picha ya simu inapendeza, sikatai. Ukiibandika, kahawia yake haifanani na ya behewa lako, na ukingo wa karatasi unabaki umetuna kama kiraka.

Vipimo navyo ni vya kubahatisha. Herufi yenye kimo cha sentimita 40 kwenye behewa halisi inapaswa kuwa na milimita 4.6 kwa kipimo cha 1:87 (yaani modeli iliyo ndogo mara 87 kuliko behewa halisi), na milimita 2.5 kwa kipimo cha 1:160. Yeye huuza karatasi ile ile kwa vipimo vyote viwili, akibadilisha maandishi ya kwenye bahasha peke yake.

Kuhusu rangi, vichupa vina lebo inayosema ni akriliki ya maji, lakini ukifungua kifuniko unakutana na harufu kali ya thina. Tone lake halikuchanganyika na maji, na nilipolipaka kwenye kijiko cha plastiki ya polistairini, uso wa kijiko ulilainika na kujikunja. Mabehewa mengi ya mfano yametengenezwa kwa plastiki hiyo hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza behewa zima kwa sababu ya kichupa kimoja. Kwa maoni yangu hii ni rangi ya magari iliyozimuliwa na kumiminwa upya, na hata bei yake ingekuwa nafuu bado isingefaa.

Masharti yake ni kwamba mzigo wote ulipiwe mapema kwa simu, pamoja na ya kutolea, kisha anakutumia picha ya risiti ya basi. Ukilalamika, hujibu kwamba umekosea kuloweka, halafu anakuzuia usimpate tena. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa ambaye mzigo wake bado uko njiani, aufungue pale pale kwenye ofisi ya vifurushi, stendi ya Nanenane au popote anapopokelea, mbele ya karani, na apige picha kabla ya kuondoka. Ujumbe wa muamala usifutwe, kwa kuwa unaonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba iliyopokea fedha, na polisi wataliulizia hilo mapema. Namba yenyewe itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ni ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu. Anayetaka kulinganisha stika yake na hizi nilizonazo aniandikie faraghani, nitampigia picha za karibu zikiwa kavu na zikiwa ndani ya maji.