The Finkler Question ya Howard Jacobson: kisomeni jamani, hasa kama Wayahudi mnawajua wa kwenye Biblia na taarifa ya habari tu

Hiki kitabu ndo kilichukua tuzo ya Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 2010, mwandishi ni Myahudi wa Manchester, na kinachekesha kweli japo kimejaa misiba. Wanaume watatu wa London, marafiki wa siku nyingi, wawili ni Wayahudi na wote wawili wamefiwa na wake zao, wa tatu si Myahudi wala hajawahi kuoa ila ndo analia kuliko wafiwa wenyewe.

Huyo wa tatu anaitwa Julian Treslove, zamani alikuwa BBC, sasa hivi anakodishwa kwenye mapati ajifanye staa fulani maana sura yake inafanana na mastaa kibao, yaani jamaa hana hata sura ya kwake. Usiku mmoja ametoka kula na wenzake, kasimama anachungulia dirisha la duka la fidla, mara anakabwa kwa nyuma anaibiwa kila kitu na aliyemkaba ni mwanamke! Halafu anaamini kabisa kasikia yule mwanamke akimwita Myahudi. Kuanzia hapo hatulii, anajiuliza labda mimi ni Myahudi ila kwetu hawakuniambia, anaanza kufukua ukoo, anampata mpenzi wa Kiyahudi, Hephzibah, ambaye anaandaa makumbusho ya Wayahudi wa Uingereza, na anataka kuwa Myahudi kuliko Wayahudi wenyewe.

Na hapa ndo nimempenda mwandishi. Treslove hawachukii Wayahudi, anawahusudu, rafiki yake wa tangu shule Sam Finkler ndo Myahudi wa kwanza kumjua kwahiyo kichwani mwake Wayahudi wote ni akina Finkler, wote wana akili, wote wana utani wao wa siri, hata huzuni yao anaiona nzuri kuliko ya watu wengine. Sasa ukifuatilia vizuri unaona anayewachukia naye anaanzia hapohapo, kwamba hawa watu wana kitu wanatuficha, tofauti ni kwamba mmoja anakitaka na mwingine anataka kuwaadhibu kwa ajili yake, na wote wawili hawamuoni mtu aliyekaa mbele yao. Mimi sijawahi kusoma riwaya iliyoonyesha chuki dhidi ya Wayahudi kwa njia hiyo, kupitia mtu anayewapenda.

Finkler mwenyewe ni mwanafalsafa wa kwenye TV, anajiunga na kundi la Wayahudi wanaoona aibu kwa ajili ya mambo ya Israeli, wanakutana Groucho Club, klabu ya wasanii na waandishi huko London, na kuna mmoja wao ana blogu anaeleza hatua kwa hatua anavyojaribu kurudisha govi lake. Nilicheka mpaka machozi. Ila wakati hao wanabishana huko klabu, mtu anakuja kuweka nyama ya nguruwe kwenye vitasa vya milango ya makumbusho ya Hephzibah, na kicheko kinakukata ghafla.

Katikati kinachosha kidogo, mabishano ya Israeli na Gaza yanazunguka palepale kurasa nyingi, na wanawake hawajapewa nafasi ya kutosha. Hephzibah anapika na kuwabeba wanaume basi, wakati Tyler, marehemu mke wa Finkler aliyeingia dini ya Kiyahudi kwa kuisoma na akamzidi mumewe kuijua, angestahili kitabu chake mwenyewe.

Lakini mzee Libor, yule mfiwa wa pili! Karibu miaka 90, mtu wa Czech, alikuwa anaandika udaku wa mastaa Hollywood na pia aliwahi kuwafundisha Treslove na Finkler shuleni. Yeye na Finkler wakianza habari za Israeli utadhani watapigana, na kesho wanakula pamoja tena, kwa sababu kila mmoja akirudi nyumbani kitanda kiko nusu tupu. Kurasa za Libor na kumbukumbu za mkewe Malkie nimezirudia, ni za mapenzi tu, na yanayomkuta huko mbele sitayasema, soma mwenyewe. Kiingereza cha kitabu kina sentensi ndefu kwahiyo nenda nacho polepole, na ukimaliza njoo tubishane kuhusu Finkler maana mimi mwishoni nilimuonea huruma na najua wengi hawatakubali.